Hesabu ya uji wa watoto isiishie ofisini

Mkulima wa Pemba anapopeleka karafuu zake katika kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar husimama mbele ya mizani. Huutazama uzito, husikia ukitajwa, hupewa stakabadhi yake, na akiwa na shaka husema papo hapo. Mgonjwa akikosa dawa hulalamika. Mwalimu akicheleweshewa mshahara hupiga hodi katika ofisi ya wizara yake mjini Chake Chake. Kila mmoja wao anaijua haki yake na ana ulimi wa kuidai. Mtoto wa miaka minne aliyekaa juu ya mkeka katika skuli ya maandalizi hana uwezo huo. Akipewa kikombe kizima cha uji atakunywa, na akipewa nusu kikombe atakunywa vile vile. Akiambiwa kwamba leo hakuna uji, atarudi kwao Msuka au Wingwi na njaa yake, wala hatajua kwamba unga uliopaswa kupikwa siku ile ulikwisha kulipiwa kwa fedha ya umma.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kusimamia chakula cha watoto wadogo. Katika huduma nyingine anayehudumiwa ni shahidi wa kwanza. Katika hii shahidi huyo hawezi kutoa ushahidi. Hapana budi mtu mwingine ashuhudie kwa niaba yake. Swali tunalopaswa kujiuliza sisi watumishi wa umma, walimu na viongozi wa Chama ni hili: shahidi huyo ni nani? Kwa mazoea tuliyonayo, shahidi ni karatasi. Skuli hujaza fomu, fomu hupelekwa wilayani, kutoka wilayani hupelekwa wizarani, na huko hufungiwa katika jalada. Makala haya yanadai kwamba utaratibu huo hautoshi, na kwamba hesabu ya chakula cha watoto inayopanda ofisini lazima ishuke tena kijijini, isomwe na wazazi ambao watoto wao ndio wanaokula.

Si jambo dogo tunalolizungumzia. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo, ili mtoto wa mkulima na mvuvi asizuiwe mlangoni mwa skuli kwa sababu ya umaskini wa wazazi wake. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliendeleza msingi huo kwa kuiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Kwa upande wa Tanzania Bara, Bunge lilitunga mwaka 1981 sheria mahsusi ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na mwaka 2009 mambo hayo yakaingizwa katika Sheria ya Mtoto. Zanzibar nayo ilipata Sheria yake ya Mtoto mwaka 2011. Kisheria, basi, mtoto mdogo si mali ya wazazi wake peke yao. Taifa limekwisha kukiri kuwa lina wajibu juu yake.

Lakini mlango ulio wazi haumsaidii sana mtoto anayeingia na tumbo tupu. Uchunguzi wa bajeti za kaya wa mwaka 2004/05 ulionyesha kwamba wilaya ya Micheweni ndiyo iliyokuwa na umaskini mkubwa kuliko wilaya nyingine zote za Visiwani. Anayeijua ardhi ya mawe ya upande ule hahitaji kuelezwa sababu. Mtoto anayeamka alfajiri, mama yake akiwa amekwenda pwani au shambani, huenda uji wa skuli ukawa ndio chakula chake cha kwanza siku ile. Ndiyo maana kila inapotengwa fedha ya umma kwa ajili ya uji huo, kilo moja inayopotea njiani huwa imetoka katika vikombe vya watoto wengine waliokuwa wakiingoja.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli. Hata hivyo, uzoefu wa utumishi wa umma umetufundisha kwamba hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa daftari lenyewe halisomwi na yeyote mwenye uchungu nayo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiohusu skuli yoyote. Skuli ina watoto 60 katika orodha yake. Kila mtoto akikadiriwa gramu 50 za unga kwa siku, skuli hiyo itahitaji kilo 3 kwa siku, na kilo 60 kwa mwezi wenye siku 20 za masomo. Mvua za masika zikinyesha, watoto wanaofika huenda wakawa 40, na unga unaotosha ukawa kilo 2. Ikiwa mwalimu, kwa mazoea au kwa haraka, ataandika 60 kila siku, basi kilo moja kila siku haina maelezo, na kwa mwezi ni kilo 20. Huenda unga huo bado umo stoo. Huenda ulipikwa na watoto wakaongezewa. Huenda umekwenda nyumbani kwa mtu. Fomu haisemi, kwa kuwa fomu imejazwa vizuri na jumla zake zinalingana. Zidisha kilo hizo kwa skuli 30 na utapata kilo 600 kwa mwezi, ambazo hakuna ofisi inayojua kwamba inapaswa kuziuliza.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, ambao hauzungumzwi sana maofisini. Karatasi inaweza kusema kwamba skuli ilipelekewa kilo 60 mwanzoni mwa mwezi, kumbe zilifika kilo 45, tena katika wiki ya tatu. Mwalimu hutia saini ya kupokea zote, maana anajua kwamba akikataa ataonekana mkorofi, na pengine mwezi ujao hataletewa kitu. Siku ya ukaguzi inapofika, anayeulizwa unga ulikokwenda ni mwalimu yule yule. Usimamizi wa namna hii humkamata mnyonge aliye mwisho wa njia na kumwacha aliyepunguza mzigo mwanzo wa njia. Kwa hiyo tunapodai usimamizi imara hatudai kuwatia walimu hofu. Tunadai kwamba kila mkono uliopitisha chakula hicho, kuanzia mkono uliotia saini ya malipo hadi mkono ulioshika upawa, ujulikane na uweze kuulizwa.

Wengine watasema kwamba kasoro hizi ni za nchi changa zisizo na wakaguzi wa kutosha wala mashine za kuhesabia. Yaliyotokea Marekani yanakanusha fikra hiyo. Nchi ile ina mpango wa serikali kuu wa kulipia chakula cha watoto katika vituo vya malezi na katika makundi ya jamii. Mwezi Septemba 2022 waendesha mashtaka wa serikali waliwashtaki watu 47 katika jimbo la Minnesota kwa tuhuma za kuuibia mpango huo dola milioni 250, na baadaye idadi ya washtakiwa ikazidi 70. Wengi wao wamekwisha kutiwa hatiani. Wizi huo ulifanyika wakati wa maradhi ya UVIKO-19, masharti ya kukagua vituo yalipokuwa yamelegezwa. Vituo vilidai malipo ya kulisha maelfu ya watoto kila siku, na orodha za majina ya watoto zilitungwa tu. Karatasi zote zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kutazama kama kweli kuna watoto wanaokula.

Na hatari si ya wizi peke yake. Tarehe 16 Julai 2013, katika kijiji cha Gandaman kilichopo jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana walichopewa shuleni chini ya mpango wa serikali. Ilibainika kwamba mafuta yaliyopikiwa yalikuwa na sumu ya kuulia wadudu. Taarifa za mkasa huo zilieleza kwamba mpishi aliyashuku mafuta yale, lakini hakusikilizwa. Mtu wa chini kabisa katika ngazi ya mamlaka ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, na hapakuwa na utaratibu wa kulipa neno lake uzito.

Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano mizuri. Tanzania yenyewe ilikwisha kuifundisha dunia. Mwaka 1983 Serikali, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa. Kila baada ya miezi mitatu watoto wadogo walipimwa uzito hadharani, siku ya mkutano wa kijiji. Matokeo hayakukimbiziwa makao makuu kwanza. Yalisomwa pale pale, mbele ya wazazi na serikali ya kijiji, na wanakijiji wakajadili kwa nini watoto fulani wamepungua na nini kifanyike kabla ya upimaji ujao. Kutokana na mijadala hiyo vijiji vilianzisha sehemu za kuwalishia watoto mchana wakati mama zao wako kazini. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye utapiamlo mkali katika vijiji hivyo walipungua kutoka asilimia 6.3 hadi asilimia 1.8. Siri ya Iringa haikuwa wingi wa wakaguzi. Siri yake ilikuwa kwamba hesabu ilisomwa kwanza na watu inayowahusu.

Pemba nayo ina funzo lake, tena zito. Katika kisiwa hiki ulifanyika utafiti mkubwa uliohusisha watoto zaidi ya 24,000 wa umri wa chini ya miaka mitatu, ili kuona kama kuwapa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki kutawapunguzia maradhi na vifo. Nia ilikuwa njema, na upungufu wa damu kwa watoto wa Pemba ulikuwa jambo linalojulikana. Lakini kamati huru iliyokuwa ikizifuatilia takwimu iliona kwamba watoto waliopewa madini hayo walikuwa wakiugua sana na kufa kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko wasiopewa, na mwezi Agosti 2003 sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba hatari ya kufa au kulazwa hospitalini ilizidi kwa asilimia 12. Maana ya hayo si kwamba madini ya chuma ni sumu. Wataalamu walieleza kwamba katika nchi yenye malaria nyingi hayapasi kutolewa kwa watoto wadogo kiholela, bila kinga na matibabu ya malaria. Funzo kwa msimamizi ni kwamba nia njema haitoshi. Anayewapa watoto kitu cha kula au kunywa, hata kama ni kwa faida yao, analazimika kutazama kila mara kinawafanya nini, na awe tayari kusimama hesabu inapomwambia asimame.

Kutokana na mifano hiyo tunaweza kutaja hatua ambazo hazihitaji fedha nyingi, bali nia.

Kwanza, kila skuli ya maandalizi inayopokea chakula cha Serikali iwe na ubao uliotundikwa mahali ambapo mzazi anayemleta mtoto wake ataupitia. Uandikwe kila siku mambo matatu: watoto waliofika, kiasi kilichotoka stoo, na kiasi kilichobaki. Herufi ziwe kubwa na vipimo viwe vile ambavyo mama yeyote wa kijijini anavijua. Akiweza kuhesabu pishi za mchele wake, ataweza kuhesabu kilo za unga.

Pili, ofisi nayo iandike. Ofisi ya wizara Pemba na zile za wilaya zipeleke kwa kila sheha orodha ya kilichotumwa: kiasi gani, kwa skuli ipi, tarehe ipi, na nani aliyekisafirisha. Orodha hiyo isomwe katika mkutano wa shehia na ilinganishwe na ubao wa skuli. Tofauti ikitokea, anayepaswa kujieleza kwanza awe aliyetuma, kisha aliyesafirisha, na hatimaye aliyepokea. Na mwalimu aliyepokea pungufu awe na haki ya kuandika kile alichopokea bila kutishwa.

Tatu, kazi zigawanywe. Mtu mmoja asiwe mwenye ufunguo wa stoo, mpishi, mhesabu wa watoto na mwandishi wa ripoti kwa wakati mmoja. Stoo iwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu na wa pili kwa mzazi aliyechaguliwa na wenziwe. Kufanya hivyo si kumshuku mwalimu. Ni kumkinga na tuhuma ambazo peke yake hawezi kuzikanusha.

Nne, afisa anayekwenda kukagua asitoe taarifa kabla. Afike saa ya uji, ahesabu vichwa, atazame maji, vyombo na mahali pa kuhifadhia mafuta, aonje kilichopikwa, na amuulize mpishi peke yake. Aangalie pia chumvi. Pemba huzalisha chumvi yake katika mashamba ya pwani, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba chumvi yenye madini joto ilikuwa adimu mno katika kaya za kisiwa hiki. Haingefaa Serikali igharimie chakula cha mtoto kisha ikose kumpatia kitu kidogo kama hicho, kinachohitajika kwa ukuaji wa akili yake.

Tano, watoto wapimwe uzito kila baada ya miezi mitatu, kwa msaada wa wahudumu wa afya wa shehia, na hali ya skuli kwa ujumla itangazwe bila kumtaja mtoto yeyote kwa jina. Daftari la stoo linaweza kudanganya, na hata ubao unaweza kudanganya. Mizani ni vigumu kuidanganya mwaka mzima. Uzito ukiwa haupandi ilhali unga unatoka, ama unga hauwafikii watoto, ama wana minyoo au maradhi, ama majumbani kuna njaa iliyozidi. Lolote kati ya hayo ni jambo ambalo Serikali inapaswa kulijua mapema.

Najua kwamba walimu wa maandalizi watauliza: je, huu si mzigo mwingine juu ya mabega yetu? Swali lao ni la haki. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hapaswi kugeuzwa karani wa stoo. Lakini hatua zilizotajwa zinampunguzia kazi kuliko zinavyomwongezea, maana zinawapa wazazi sehemu ya ufunguo na sehemu ya kuhesabu. Fomu ndefu zinazojazwa leo katika nakala nyingi zipunguzwe, na ubao mmoja wa kweli uchukue nafasi yake.

Wapo pia watakaosema kwamba wazazi wetu hawana elimu ya kusimamia mambo ya Serikali. Hoja hii ni ya zamani, na historia imekwisha kuijibu. Mwaka 1975, katika kampeni ya Chakula ni Uhai, zaidi ya wananchi milioni moja wa Tanzania Bara walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadili lishe ya familia zao, wakati wengi wao walikuwa ndio kwanza wametoka katika madarasa ya kisomo. Hapa Zanzibar, tangu mwaka 1990, mpango wa skuli za awali za madrasa umeonyesha kwamba kamati za wananchi wa kawaida zinaweza kuanzisha skuli ya watoto wadogo, kuiendesha na kutunza hesabu zake. Aliyeweza kujenga skuli hashindwi kuhesabu magunia yake. Anachokosa ni kuambiwa yalikuwa mangapi.

Hapa ndipo wajibu wa Chama unapoonekana. Chama Cha Mapinduzi kina matawi hadi ndani ya shehia, na viongozi wa matawi hayo ni wazazi wa watoto hao hao. Si kazi yao kushika funguo wala kuwaamuru walimu. Kazi yao ni kuhakikisha kwamba mkutano wa kusoma hesabu unafanyika, kwamba mwananchi anayeuliza haitwi mpinzani wala mchochezi, na kwamba jibu linapatikana kutoka kwa mwenye dhamana. Kiongozi atakayemnyamazisha mama anayeuliza kuhusu uji wa mwanawe atakuwa amejitoa mwenyewe katika maana ya Mapinduzi.

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anayo kazi yake, na Mamlaka ya Kuzuia Rushwa inayo yake. Lakini vyombo hivyo hufika baada ya mwaka wa fedha kwisha, wakati mtoto aliyenyimwa uji mwezi Machi amekwisha kukonda na pengine amekwisha kuacha skuli. Fedha iliyoibwa inaweza kurejeshwa kwa amri ya mahakama. Mwaka wa nne wa umri wa mtoto haurejeshwi na mahakama yoyote.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi unayetia saini hati za kupeleka chakula, peleka nakala moja kwa sheha. Na wewe ndugu mwalimu, andika idadi ya watoto uliowaona kwa macho yako leo, hata kama ni wachache kuliko waliomo katika orodha, na uiandike pale ambapo wazazi wataisoma. Mambo hayo mawili hayahitaji sheria mpya wala bajeti mpya, na yanaweza kuanza kesho asubuhi.